Sikuwauliza Bei

Mwaka jana niliuza huruma kwa dola 18.

Wacha nieleze, maana ukisoma hivyo unaweza kudhani nilifungua kituo cha mayatima. Mimi ni mwandishi wa kuandikia watu. Mteja ananitumia kichwa cha makala, idadi ya maneno na siku ya kumaliza. Mimi namtumia maneno, yeye anaweka jina lake, tunaachana. Nimeandika kuhusu magodoro ya watu wenye maumivu ya mgongo. Nimeandika kuhusu mbwa wa aina ambayo sijawahi kukutana nayo. Niliwahi kumwandikia mwanamume mmoja wa Kanada barua ya mapenzi, na kwa habari nilizopata alikubaliwa. Haya yote nayafanyia kwenye chumba kimoja mtaa wa Dallas, Embu, mahali ambapo stima ikipotea jioni napeleka kompyuta kwa kinyozi wa hapo chini mwenye sola.

Basi siku moja ikaja kazi ya Katwe. Maneno 1,200 kuhusu mji mdogo wa chumvi karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Mteja alikuwa ameshaamua kichwa, kitu kama mji ambao chumvi inawala watu wakiwa hai. Alinitumia picha alizookota mtandaoni na maagizo ya sentensi moja: msomaji alie kabla ya aya ya tatu.

Nilimliza kwenye aya ya pili.

Haikuwa kazi ngumu. Katwe (si ile ya Kampala yenye filamu ya msichana wa sataranji, hii ni nyingine) iko wilaya ya Kasese, magharibi kabisa mwa Uganda, imebanwa kati ya Mbuga ya Queen Elizabeth na Ziwa Edward. Ng'ambo ya Ziwa Edward ni Kongo. Nyuma ya mji kuna ziwa la pili, dogo, lililojaa ndani ya shimo la volkeno. Maji huingia humo na hayana pa kutokea. Jua linayakausha, chumvi inabaki. Watu wamegawana ukingo wa ziwa ploti kwa ploti, wakazizungushia miti na matope kama vijaruba vya mpunga kule Mwea. Wanaingiza maji, wanangoja jua, wanakwangua. Wanaume wengine huingia ndani zaidi ya ziwa, wakavunja kwa mtaimbo ule mwamba wa chumvi ulioganda chini, wakaupakia juu ya chelezo na kuukokota hadi ufukweni. Maji yanawafika kiunoni, wakati mwingine kifuani. Wanasimama humo saa kadhaa. Ngozi hupasuka, macho huwasha, na kidonda kidogo cha asubuhi kinakuwa kidonda kingine jioni. Wanahabari waliofika huko wameandika kwamba wanaume huvaa kondomu kabla ya kuingia majini, na wanawake hujipaka unga wa kuwakinga, ili chumvi isiwaingie sehemu za siri.

Unaona? Hiyo kondomu na huo unga ndio nilianza navyo. Mteja akajibu kwa alama ya kidole gumba na siku hiyo hiyo akalipa. Dola 18, kama shilingi 2,300. Nikajaza gesi, nikanunua bando ya mwezi, nikala chipsi.

Desemba nikaenda nyumbani. Kwetu ni Igembe, juu ya Laare, ndani kabisa ya mashamba ya miraa. Kutoka Embu matatu inapita Runyenjes, Chuka, Nkubu, halafu kabla ya Meru mjini kuna lile bango la ikweta ambalo wenyeji hawaligeukii hata kidogo. Mimi siku hiyo niligeuka. Katwe iko kilomita chache tu kusini mwa mstari huo huo. Ukiufuata kuelekea magharibi, ukavuka Ziwa Victoria na kupita Uganda nzima, utatokea jirani nao. Nikafurahi kama mtu aliyegundua kitu, nikaamua kumsomea shosho makala yangu.

Shosho hajui hasa ninafanya kazi gani. Anajua "ya kompyuta" na anajua hailipi. Alikuwa amekaa nje ya jikoni akichambua maharagwe, nami nikamsomea kwenye simu nikitafsiri kwa Kimeru, na sehemu ya kondomu nikaizungusha kwa adabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aseme maskini. Akauliza:

"Debe moja wanauza pesa ngapi?"

"Sijui, shosho."

"Hizo ploti ni zao, ama wamekodi?"

Nikamwambia wengine wamerithi kwa wazazi, wengine hukodi kwa wenye ploti, lakini kwa kiasi gani sijui.

"Mvua ikinyesha?"

Hiyo niliijua. Mvua ikinyesha chumvi inarudi kuwa maji, kazi ya wiki kadhaa inaenda hivyo.

"Na wewe uliongea na nani huko?"

Nikanyamaza. Akarudi kwa maharagwe yake.

"Mwari, hapo umeandika miguu ya watu. Watu wenyewe hujaandika."

Nilikasirika, nikiwa mkweli. Shosho hajawahi kuandika aya moja. Lakini nililala na ile sentensi na nikarudi nayo Embu, na tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo lilipaswa kunijia kabla sijapokea pesa: kumhurumia mtu ambaye hujamuuliza lolote ni wema, ama ni kumchukulia kitu?

Mwaka wa kwanza chuoni, kabla mambo hayajaharibika, tulifundishwa hoja ya Peter Singer, yule mwanafalsafa wa Australia. Aliiandika 1971, wakati wa njaa ya Bengal Mashariki. Unapita karibu na kidimbwi, unaona mtoto anazama. Kumwokoa kutakuchafulia nguo tu. Je, utapita? Hakuna anayesema angepita. Basi, anasema Singer, kama hutapita hapo, kwa nini unapita pale mtoto anapokufa mbali na wewe? Umbali haubadilishi deni. Ni hoja inayokaba, na darasa zima tulitoka tukijiona wachawi. Niliiamini sana. Nafikiri bado naamini nusu yake.

Ila angalia nilivyoitumia. Nilimchukua mtu wa Katwe nikamweka kwenye kidimbwi cha Singer. Mtu ndani ya maji, mimi ukingoni, nguo zangu safi. Lakini mtu wa Katwe hazami. Amesimama. Yuko kazini, ameingia humo asubuhi na mpango wake kichwani: chelezo kimoja kabla jua halijapanda, cha pili ikiwezekana, deni la karo, bei ya dalali. Ukimrukia na kumvuta mpaka nchi kavu umemwokoa kutoka kwa nini? Na ukishamvuta, atakula nini?

Serikali na wafadhili walishajaribu jambo la namna hiyo. Kiwanda cha kisasa cha chumvi kilijengwa Katwe kwa mkopo na utaalamu wa Kijerumani, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo ifanye kazi, watu watoke majini. Maji yale yale ya ziwa yakala mabomba. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi sana kikafa, na mabaki yake yenye kutu bado yako pale juu ya ziwa, huku chini watu wakiendelea na mtaimbo. Kila anayeandika kuhusu Katwe hukitaja kiwanda hicho, nami nilikitaja, kwa sababu ni picha nzuri. Kitu ambacho sikujiuliza ni hiki: kingefaulu, wale wenye ploti wangekuwa nani leo? Walinzi wa geti?

Najua namna huruma inavyoonekana ukiwa upande wa kupokea. Mdogo wangu alipokuwa na miaka kumi na tatu alipigwa picha akiwa juu ya mti wa miraa. Ilikuwa likizo ya Agosti. Mgeni alikuja na kamera na dereva, akaamkia watu vizuri tu, akapiga. Baadaye binamu yetu akaiona picha mtandaoni, chini yake imeandikwa maneno ya utoto ulioibiwa. Baba, aliyekuwa chini ya ule mti akifunga mabunda, alikuwa amekatwa kwenye picha. Ukiitazama utadhani mtoto yule ametupwa msituni peke yake. Mdogo wangu alikuwa anatafuta pesa ya viatu vya kidato cha kwanza na alijivunia sana matawi aliyokuwa anayafikia. Baada ya picha ile hakutaka kupanda mti mtu akiwa barabarani.

Hapo ningeweza kuishia, nikawa nimeshinda kesi. Lakini muhula uliotangulia mdogo wangu alikosa shule siku kumi na moja, na zote alikuwa kwenye miraa, na baba alijua. Kwa hiyo picha haikuwa uongo. Ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na huo ukweli kidogo ndio uliotuuma, kwa sababu uliletwa na mtu ambaye hakuuliza kwa nini. Angeuliza, angeambiwa kwamba mwezi ule bei ilishuka mpaka baba akashindwa kulipa wavunaji wakubwa. Kilichomtoa mtoto darasani ni bei. Kamera haikuiona bei kwa sababu bei haina uso.

Na hapa ndipo ninaporudi Katwe, maana nilipoanza kufuatilia maswali ya shosho, badala ya kutazama picha, nilikuta habari tofauti kabisa.

Karne ya 19 hakuna aliyeihurumia Katwe. Waliipigania. Chumvi ilikuwa pesa. Wafanyabiashara waliisambaza eneo lote lile la Maziwa Makuu, na mfalme aliyeshika ziwa alishika mfuko. Kabalega wa Bunyoro aliishika. Mwaka 1891 Lugard alifika na askari wa Kampuni ya Kiingereza, akajenga ngome hapo akaiita Fort George, kwa sababu ambayo haihitaji digrii kuielewa. Baadaye wakoloni wakakubaliana mpaka wao, Kongo kule, Uganda huku, na ziwa la chumvi likawa pembeni mwa nchi badala ya kuwa katikati ya biashara.

Sasa fikiria. Maji ni yale yale. Kemikali ni zile zile. Ngozi ya binadamu haijabadilika tangu siku za Kabalega, na bila shaka iliuma hata wakati huo. Ila wakati huo mtu aliyetoka majini na chumvi alitoka na kitu ambacho wafalme walikitaka. Leo anatoka na kitu ambacho duka la jirani linakiuza kwa bei ya chini, kikiwa cheupe zaidi, ndani ya pakiti.

Na pakiti hiyo inatoka wapi? Shikilia kiti. Sehemu kubwa ya chumvi ya mezani inayoliwa Uganda inatoka Kenya.

Hilo sikuliandika kwenye makala ya dola 18. Sikulijua, na hata ningelijua mteja angelitoa, kwa sababu linaharibu kilio. Mambo yalikwenda hivi. Sisi watu wa milimani, kwa miaka mingi, tulikuwa na tatizo la rovu. Mvua imeosha iodini kwenye udongo wa miinuko, chakula hakina, shingo inavimba, na mbaya zaidi mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Shosho anawakumbuka wanawake wa rika la mama yake waliofunga leso shingoni mchana wa jua kali. Dawa yake ni rahisi ajabu: weka iodini kidogo kwenye chumvi. Kenya ikaifanya sheria miaka ya 1970. Uganda nayo ikafuata miaka ya 1990. Chumvi ya Katwe, iliyokwanguliwa kwa mkono kwenye mamia ya ploti ndogo, haina iodini, na kuitia inahitaji mashine, maabara na mtaji. Chumvi ya viwanda vya Kenya inayo. Basi ya Katwe ikasukumwa kando, kwa ng'ombe, kwa ngozi, kwa wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe pale Kongo inapoanzia, na mpaka ule ukichafuka kwa vita au maradhi, biashara nayo inachafuka.

Nitafute mbaya hapo. Nimemtafuta. Sheria ya iodini ni mojawapo ya sheria bora ambazo nchi hizi zimewahi kutunga, mimi mwenyewe huenda nina akili zangu kwa sababu yake. Mwenye duka Kasese anauza kinachonunuliwa. Mama anayenunua pakiti anamkinga mtoto wake. Kila mtu amefanya jambo la haki, na mwishoni mwa hayo mambo yote ya haki kuna mtu amesimama kwenye maji ya chumvi saa nyingi zaidi kwa pesa kidogo zaidi.

Singer hana mfano wa hilo kwenye kidimbwi chake. Kwake mimi ni mpita njia. Nimetokea tu, na lawama yangu inaanza pale ninapokataa kusaidia. Lakini mimi si mpita njia wa Katwe. Pakiti iliyo juu ya kabati langu hapa Dallas ni ndugu wa pakiti iliyoshusha bei ya debe kule. Nilikuwa ndani ya maji siku zote, nikiandika kuhusu ukingo.

Tena ngoja, maana haiishii hapo. Pakiti yangu nayo ilitengenezwa na nani? Chumvi yetu ya mezani inatoka pwani, kwenye mashamba ya chumvi ya Magarini huko Kilifi: Gongoni, Marereni, Ngomeni. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikaa kuwasikiliza wakazi wa huko, na mwaka uliofuata ikatoa ripoti. Watu walilalamika kuhusu ardhi waliyoondolewa, visima vilivyogeuka kuwa vya chumvi, na vibarua wanaofanya kazi bila buti na glavu. Buti na glavu! Kumbe ile miguu niliyoililia Katwe iko pia Kenya, safari ya basi la usiku mmoja, na ndiyo inayonipa chumvi ya kila siku. Sijawahi kuiandikia hata sentensi moja. Hakuna aliyeniagiza, na ya karibu haiuzi dola 18.

Nina rafiki tuliyesoma naye, yeye alimaliza, uchumi, sasa yuko benki. Nilipomweleza haya akaniambia nimezidisha mawazo. Watu wa Katwe wamechagua, alisema. Wana ploti, ni wafanyabiashara, ukiwaambia waache watakucheka. Waheshimu uchaguzi wao na ununue chumvi yako kwa amani.

Naipenda hoja hiyo kuliko huruma, kwa sababu angalau inamwona mtu akiwa amesimama kwa miguu yake. Lakini neno kuchagua mimi lina historia na mimi. Machi 2020 ndege za miraa za Somalia zilisimama. Mwanzoni ilikuwa korona, halafu ikawa siasa za serikali mbili, na soko halikufunguliwa hadi Julai 2022. Uingereza ilikuwa imeshatufungia tangu 2014, kwa hiyo Mogadishu ndiyo iliyokuwa imebaki kutubeba. Baba alijaribu mwaka mzima. Aliuza ng'ombe mmoja kati ya wawili, akamwachia shosho aliyebaki. Mwaka wangu wa pili nikaenda ofisini kuchukua fomu ya kuahirisha masomo. Ina sehemu ya sababu, na visanduku vya kuweka alama. Hakukuwa na kisanduku cha Somalia. Niliweka alama kwenye "sababu za kibinafsi", nikatia sahihi, na tangu siku hiyo, kwenye karatasi, mimi ni mtu aliyechagua kuacha chuo. Shangazi zangu wakinikuta sokoni Maua huinamisha kichwa upande mmoja na kuniambia pole, mpenzi. Rafiki yangu wa benki ananiambia anaheshimu uamuzi wangu. Sijui ni nani kati yao ananichosha zaidi. Wote wawili hawajawahi kuniuliza karo ilikuwa ngapi.

Nafikiri ndicho kitu ambacho shosho alikiona bila kusumbuka. Ukiuliza bei unalazimika kufuata njia: nani alinunua, kwa ngapi, akauza wapi, kwa ngapi, nani aliweka sheria, nani hakupewa mtaji wa kuifuata. Njia hiyo ina watu, na ukiifuata kwa uaminifu kuna siku utajikuta mwenyewe umesimama kwenye foleni na pakiti mkononi. Ukitazama kidonda peke yake hufiki popote. Kidonda kinakusimamisha hapo hapo, unajisikia vibaya, na kule kujisikia vibaya kunafanana sana na kufanya jambo.

Sisemi kidonda kisiandikwe. Kama hakuna aliyeandika kuhusu unga na kondomu nisingejua Katwe ipo, na mtu anayehitaji buti anazihitaji leo, hawezi kungoja mimi nimalize kufikiri. Kuna watu wanaoandika miili ya wengine vizuri, kwa sababu walikaa nao, walikula nao, walijua majina ya watoto wao. Mimi niliandika kwa kutumia picha kumi na mbili na njaa.

Nilimwandikia yule mteja nikamwomba turekebishe makala, niongeze habari ya chumvi ya Kenya. Nikamwambia sitaki pesa zaidi. Alijibu baada ya siku nne, kwa adabu, kwamba makala inafanya vizuri sana kama ilivyo. Iko mtandaoni hadi leo, na jina la mtu mwingine. Dola 18 sikuzirudisha. Nilifikiria kuzituma mahali, shirika fulani, chochote, halafu nikaona nitakuwa nanunua usingizi tu, na pia, tuseme ukweli, nilikuwa nimeshazila.

Na hata haya unayoyasoma sasa nimeyaandikia Dallas. Bado sijafika Katwe. Nimepiga hesabu: Embu hadi Nairobi, basi la Kampala, la Kasese, kulala siku mbili tatu, kurudi. Ni pesa ya kodi yangu ya nyumba ya miezi kadhaa. Nina mkebe wa maziwa ya unga ninaoweka humo sarafu na noti ninazosahau mfukoni.

Pasaka nilipokuwa nyumbani nilimwambia shosho nataka kwenda. Hakuonyesha kushangaa. Aliniuliza kama ile chumvi yao ya mawe inafaa kwa ng'ombe, nikamwambia ndiyo, wengi huinunua kwa ajili hiyo hasa.

"Basi niletee ya ng'ombe," akasema. "Wakikutajia bei usianze kuvutana nao kama unavyovutana na watu wa nyanya."

Akafungua fundo la leso, akatoa noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne. Nikamwambia naona itatosha. Akanitazama, akaona sijui, akaongeza hamsini.